KHUTBA YA IJUMAA: RANGI YA MBINGU, YA MAJANI NA YA ZIWA

Khutba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeiumba nuru ikatudhihirishia viumbe vyake, akatujaalia macho ya kuona na nyoyo za kuzingatia. Tunamshukuru, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaosikiliza redioni: leo naanza kwa kukiri kosa langu. Siku moja nilipokuwa nikisomesha madrasa hapa Mkuyuni, mtoto wa miaka kama tisa aliniuliza: "Maalim, nikilitazama ziwa kutoka kule mawe ya juu, naliona la buluu. Mbona nikiteka maji kwa ndoo hayana rangi? Rangi imekwenda wapi?" Nikamjibu: "Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyopenda. Fungua juzuu yako usome." Wenzake wakacheka. Mtoto akainamisha kichwa, na tangu siku ile hakuniuliza jambo lolote.

Jibu lile lilikuwa la kweli, kwani hakuna kinachokuwa ila kwa kupenda kwake Mwenyezi Mungu. Lakini nililichukua neno la kweli nikafungia mlango ambao Qur'ani Tukufu imeufungua. Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, Mola wetu amezihesabu tofauti za lugha zetu na za rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara zake kwa wenye ujuzi. Na katika Sura ya Fatir, aya ya 27 na ya 28, ametuelekeza tuyatazame matunda yenye rangi mbalimbali, na majabali, na watu, na wanyama. Kisha hapo hapo akawataja wenye elimu kuwa ndio wanaomcha. Zingatieni mpango huo. Rangi zimetangulia, elimu imefuata, na uchaji Mungu umekuwa tunda la elimu. Mtoto yule alikuwa ameishika njia hiyo ya aya, na mimi maalim wake ndiye niliyemrudisha nyuma. Leo nataka kulipa deni lake mbele yenu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Katika lugha yetu ya Kiswahili, rangi nyingi zimepewa majina ya vitu vyenyewe. Kijani imetokana na jani, kijivu imetokana na jivu, kahawia imetokana na kahawa, na samawati imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Kwa hiyo mtu huweza kudhani kwamba rangi ni mali ya kitu, imekaa ndani yake kama chumvi ndani ya mchuzi. Lakini hebu weka jani na kanga nyekundu chumbani usiku, kisha uzime taa. Jani lipo na kanga ipo, ila rangi zote mbili hazionekani tena. Basi rangi haionekani bila ya nuru.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini na mwanachuoni wa Kiislamu, Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na akaishi Misri. Kabla yake wapo wengi waliodhani kwamba jicho ndilo linalotoa miali kwenda kukigusa kitu. Yeye alibainisha kwamba nuru ndiyo inayotoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Na nuru hii ya jua, tunayoiona nyeupe, imekusanya rangi nyingi. Matone ya mvua huzichambua, ndipo tunapouona upinde wa mvua umesimama juu ya ziwa.

Sasa, mbingu zina rangi gani? Al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliandika risala juu ya swali hili hili, akasema kwamba buluu tunayoiona si rangi ya mbingu zenyewe, bali hutokea katika anga iliyo baina yetu nazo. Katika hilo alikaribia sana ukweli, ingawa hakuufikia wote. Maelezo ya kutosheleza yalikuja baadaye, hasa kwa mikono ya Lord Rayleigh wa Uingereza, kuanzia mwaka 1871.

Nitayaeleza kwa mfano wa hapa hapa pwani ya ziwa. Tazameni mti mwembamba uliochomekwa majini wa kufungia mtumbwi. Wimbi refu likija huupita kana kwamba haupo. Lakini viwimbi vifupi vikiugonga, hutawanyika huku na huku. Nuru nayo huenda kwa mawimbi, madogo mno kuliko tunavyoweza kuyaona. Wimbi la nuru nyekundu ni refu, na la nuru ya buluu ni fupi. Nuru ya jua inapopita katika hewa, chembe ndogo mno za hewa huitawanya nuru ya buluu zaidi ya mara tano kuliko nyekundu. Buluu hiyo iliyotawanywa hutujia kutoka kila upande wa anga, nasi tukiinua macho tunaona mbingu ya samawati. Pasipo hewa hakuna buluu. Mwezini hakuna hewa, na waliofika huko mwaka 1969 waliiona mbingu nyeusi ilhali jua linawaka.

Na jioni, jua linapoteremka upande wa Sengerema, nuru yake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Buluu imekwisha kutawanywa njiani, iliyobaki ni nyekundu. Hiyo ndiyo shafaki. Nasi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii tunajua kwamba wakati wa Isha huingia pale wekundu huo unapotoweka. Basi, ndugu zangu, kila siku tunaswali kwa kufuata kanuni hii ya nuru na hewa, tuijue au tusiijue. Aliyeiwekea nuru kanuni ndiye aliyetuwekea Sala.

Ama majani, hali yake ni nyingine. Ndani ya jani mna kitu kiitwacho klorofili. Hicho huishika zaidi nuru nyekundu na nuru ya buluu, kikaitumia kutengeneza chakula cha mmea kutokana na maji na hewa. Nuru ya kijani huchukuliwa kwa uchache zaidi, na sehemu yake hurudishwa, nayo ndiyo tunayoiona. Kiangazi kikikaza, klorofili huharibika, na nyasi za vilima vyetu hugeuka manjano, kisha hukauka. Katika Sura ya Az-Zumar, aya ya 21, mmea huo unaonyauka baada ya ukijani wake umefanywa kuwa ukumbusho kwa wenye akili. Na katika Sura ya Yasin, aya ya 80, tumekumbushwa neema ya moto unaotokana na mti wa kijani. Mama anayewasha mkaa jikoni alfajiri anaifungulia nguvu ya jua ambayo jani liliihifadhi siku nyingi zilizopita.

Na sasa jibu la ndoo ya mtoto. Ziwa kwa mbali huonekana la buluu kwa kuwa uso wake unaturudishia nuru ya mbingu, na kwa kuwa maji mengi yenye kina huimeza nuru nyekundu kuliko ya buluu. Maji ya ndoo ni machache mno, hayawezi kuyafanya hayo. Hakuna rangi iliyopotea.

Lakini, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ipo rangi nyingine ziwani ambayo haitokani na mbingu. Zipo siku ambapo maji ya kandokando hugeuka ya kijani kizito, yenye utando na harufu. Huo ni mwani, yaani viumbe vidogo mno vinavyoshibishwa na uchafu wetu: maji machafu ya majumbani, vinyesi, mbolea, na udongo unaomomonyoka mashambani. Mto Mirongo unakatiza mjini Mwanza na kuingia ziwani. Kinachotupwa mtoni ndicho kinachofika ziwani.

Sikilizeni madhara yake. Katika ziwa hili wamekuwapo samaki wadogo tunaowaita furu, wa aina zaidi ya 500. Aina moja iliyopatikana katika Ghuba ya Mwanza ilipewa jina la kitaalamu la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume lake lina wekundu. Aina iliyo ndugu yake wa karibu ina dume la rangi ya buluu. Majike ya aina hizi mbili yanafanana, na kila jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Mwaka 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika maji yetu haya. Waliona kwamba mahali penye maji maangavu, kila aina imebaki mbali na mwenzake. Mahali palipochafuka, nuru haipenyi vyema, rangi hazitambulikani, na aina huchanganyika mpaka zikapotea. Ni kweli kwamba furu wengi waliliwa na sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na ya 1960. Lakini hawa wengine hawakuliwa. Walipotea kwa sababu sisi tuliwazimia taa.

Ndugu Waislamu, rangi ni ishara. Na anayeichafua nuru hadi ishara isisomeke, amefanya nini? Tumwombe Mwenyezi Mungu msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni mambo mawili.

La kwanza ni maji. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na alikataza kujisaidia penye vianzio vya maji, njiani na penye kivuli cha watu. Basi yule anayetega mvua ikipiga afungulie choo chake mtaroni, na yule anayemwaga taka mtoni usiku ili jirani asimwone, wajue kwamba wameikhalifu amri hiyo, na kwamba Mola wao amewaona. Sisi hutia udhu kwa maji haya. Haifai tujitwaharishe kwa kitu tunachokinajisi kwa mikono yetu.

La pili ni watoto. Mtoto akiuliza kwa nini mbingu ni samawati na nyasi ni kijani, msimkemee kwa jina la dini. Mwambieni: "Mwenyezi Mungu ndiye aliyetaka, na njoo tutazame alivyolipanga." Msipojua, semeni hatujui, kisha mwulizeni mwalimu wa shule au mtu mwenye ujuzi. Kusema sijui hakumpunguzii maalim heshima. Kinachompunguzia ni kumfanya mtoto aone haya kuuliza. Mimi nilimtafuta mtoto yule nikampa jibu lake, tena nikamtaka radhi mbele ya wenzake waliomcheka.

Ewe Mola wetu, yatie nuru macho yetu na nyoyo zetu. Utuzidishie elimu yenye manufaa. Uwarehemu wazazi wetu na walimu wetu. Ulihifadhi ziwa letu na viumbe vilivyomo, na utujaalie kuwa walinzi wake, wala usitujaalie kuwa waharibifu wake. Uwape riziki ya halali wavuvi wetu na uwarejeshe salama kwa watu wao. Uwaponye wagonjwa wetu na uwasamehe waliotutangulia.

Amin. Simamisheni Sala.