Debe la Mahindi Baada ya Pasaka

Jioni hii nataka kuwaeleza habari ya debe moja la mahindi.

Hapa Songea Pasaka huja masika yakielekea kwisha, ghala zimepungua na mahindi mapya hayajakauka shambani. Mwaka mmoja, katika Kwaresima, nilikopa debe la mahindi kwa jirani yangu, mzee asiye Mkristo. Siku ya Pasaka tuliimba hata sauti zikatukauka. Mavuno yakaja, nikajaza ghala yangu, lakini deni sikulipa. Nilijiambia kwamba mzee ana chakula, hana haraka. Mwalimu hakosi udhuru.

Siku moja akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, huyo Bwana wenu aliyefufuka, amewaambia nini juu ya madeni?”

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka Injili ya Yohana, jinsi Bwana alivyowaendea wanafunzi wake baada ya kufufuka: aliwakuta ziwani, katika kazi yao ya kuvua, akawaandalia mkate na samaki. Tena nilikumbuka mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, Askofu Cassian Spiss alipouawa katika nchi ya Liwale akija Peramiho, na misheni yenyewe ikachomwa moto. Mimi sikudaiwa damu. Nilidaiwa debe tu, nami nikashindwa.

Jioni ile ile nikampelekea mahindi yake. Mzee akalitikisa debe, yakashuka kidogo. Nikarudi nyumbani kuongeza.