Wajibu Haulipwi kwa Zawadi

Katika nchi zinazoendelea imekuwa ni jambo la kawaida kusikia kwamba kampuni fulani kubwa imetoa madawati kwa shule, vitanda kwa hospitali, au mabati kwa kituo cha polisi. Wakubwa wa kampuni hufika, hotuba husomwa, picha hupigwa, na kesho yake hutangazwa kwamba kampuni hiyo imetimiza wajibu wake kwa jamii. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayelikataa dawati wakati mtoto anakaa sakafuni. Lakini swali linabaki palepale. Je, wajibu wa kampuni hupimwa kwa kile inachogawa siku moja, au kwa namna inavyofanya kazi yake siku zote za mwaka?

Swali hili si la wachumi peke yao. Linawahusu pia askari wa jeshi na wa polisi, na pengine linawahusu zaidi ya wanavyodhani. Penye kiwanda, mgodi au shamba kubwa pana lango, na penye lango pana mlinzi. Ghasia zikitokea, mlinzi huyo humwita askari wa dola. Ndugu askari, ni vyema basi kujua anayelindwa ni nani, na analindwa dhidi ya nani. Mji wa Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, unatoa mafunzo ya kutosha kuhusu jambo hili.

Gisenyi uko kwenye ukingo wa Ziwa Kivu, umepakana na mji wa Goma wa Kongo hata mgeni huweza kudhani kwamba miji hiyo miwili ni mmoja. Nje kidogo ya mji, huko Nyamyumba, kipo kiwanda cha bia cha Bralirwa kilichoanzishwa mwaka 1957, enzi ya utawala wa Wabelgiji. Mwaka 1971 kampuni ya Heineken ya Uholanzi iliingia humo kwa kununua hisa. Mwaka 2011 serikali ya Rwanda iliuza sehemu yake: Heineken ikabaki na asilimia 75, na asilimia 25 zikauzwa kwa wananchi na wawekezaji wengine katika soko la hisa la Kigali. Kiwanda hicho kimewapatia watu kazi kizazi baada ya kizazi, na kimekuwa miongoni mwa walipa kodi wakubwa nchini. Hayo ni kweli, na ni haki yasemwe.

Lakini upo ukweli mwingine ambao nao hauna budi kusemwa. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, nchi nzima iligeuka machinjio kwa muda wa siku mia moja. Serikali iliyosimamia maangamizi hayo ilikimbia kutoka Kigali hadi Gitarama, kisha ikajikusanya Gisenyi kabla ya kuvuka mpaka mwezi Julai. Kwa mujibu wa uchunguzi wa mwandishi wa habari wa Kiholanzi, Olivier van Beemen, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, kiwanda cha Gisenyi kiliendelea kupika bia katika miezi hiyo ya umwagaji damu. Nao ushahidi wa walionusurika, na hata wa wauaji wenyewe, umeonyesha kwamba pombe ilikuwa sehemu ya ujira wa makundi ya wauaji. Ilinywewa kabla ya kwenda kuua, na ilinywewa tena jioni baada ya kurudi.

Kiasi gani cha madawati kingeweza kulipia jambo kama hilo? Hakuna. Na hapa ndipo somo la kwanza linapopatikana. Kampuni haina haki ya kusema kwamba kazi yake ni kutengeneza bidhaa tu, na kwamba matumizi ya bidhaa hiyo hayaihusu. Katika siku za amani jibu hilo huweza kupita bila kuulizwa. Katika siku za vita, mwenye kiwanda kinachoendelea kufanya kazi hana budi kujiuliza kila asubuhi: leo mitambo hii inamtumikia nani?

Somo la pili linatoka katika ziwa hilo hilo, upande wa kusini, katika mji wa Bukavu nchini Kongo. Huko kampuni ya Bralima, ambayo nayo wakati huo ilikuwa mtoto wa Heineken, iliendelea na kazi wakati mji ulipokuwa mikononi mwa waasi wa RCD-Goma. Mwaka 2015 watu 168 waliopata kuwa wafanyakazi wake walipeleka malalamiko Uholanzi, katika ofisi inayosimamia miongozo ya makampuni ya kimataifa. Walidai kwamba kati ya mwaka 1999 na 2003 waliachishwa kazi kinyume cha haki, na kwamba kampuni iliwatumia waasi hao ili kupata kibali cha kuwapunguza. Baada ya usuluhishi, mapatano yalifikiwa mwezi Agosti 2017 na wafanyakazi wakapata fidia.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia katika habari hiyo. Kwanza, wanyonge wale hawakushika silaha. Walishika karatasi na kalamu, wakasubiri. Pili, wale waliodhani kwamba habari ya Bukavu ingezikwa na vita walikosea. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Dhuluma aliyotendewa mfanyakazi wa zamu ya usiku ilivuka ziwa, ikavuka bahari, ikafika mlangoni mwa mkuu wa kampuni huko Ulaya baada ya zaidi ya miaka kumi.

Somo la tatu linahusu ziwa lenyewe. Katika vilindi vya Kivu imehifadhiwa gesi ya methani inayokadiriwa kufikia kilomita za ujazo 60, pamoja na gesi ya kaboni dioksaidi mara tano ya hiyo. Tangu mwaka 1963, katika rasi ya Rubona karibu na Gisenyi, mtambo mdogo ulivuta methani hiyo ikatumika kwa miaka mingi kupasha moto mitambo ya kiwanda cha bia. Mwaka 1975 Rwanda na Zaire zilikubaliana kwamba utajiri huo ni wa nchi zote mbili. Mwaka 2016 kituo cha KivuWatt kilizinduliwa huko Karongi, chenye uwezo wa megawati 26, na baadaye kituo cha Shema kikajengwa Rubavu kwa lengo la megawati 56.

Umeme huo ni baraka, lakini ni baraka inayohitaji adabu. Gesi hizo zimetulia chini kwa sababu tabaka za maji mazito zimezibana. Anayevuta maji ya kilindini ili kutoa methani hana budi kuyarudisha maji hayo kwenye kina kinachotakiwa, bila kuzivuruga tabaka hizo. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kamerun, ambalo ni dogo sana mbele ya Kivu, lilitapika kaboni dioksaidi usiku mmoja na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Mamilioni ya watu wanaishi kandokando ya Kivu. Kwa hiyo kampuni inayochimba gesi hapo inaweza kujenga zahanati katika kila kijiji, lakini ikikiuka kanuni za kurudisha maji itakuwa imeisaliti jamii ile ile inayoipa dawa. Wajibu wake mkubwa kuliko wote uko chini ya maji, mahali ambapo hakuna mpiga picha anayefika.

Somo la nne ndilo linalomgusa askari moja kwa moja, nalo halipo Gisenyi, bali kusini zaidi, katika mji mdogo wa Kilwa nchini Kongo, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Mwezi Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji huo, ambao ulikuwa njia ya kupitishia madini ya mgodi wa Dikulushi, uliokuwa mali ya kampuni ya Anvil Mining. Jeshi la serikali lilitumwa kuukomboa, nalo likaukomboa siku iliyofuata. Lakini baada ya waasi kushindwa, raia walikamatwa na kuuawa, na nyumba ziliporwa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba watu zaidi ya 70 walikufa. Walieleza pia kwamba magari ya kampuni yalitumiwa na askari, na kwamba yalibeba mali iliyoporwa pamoja na maiti. Kampuni ilijitetea kwa kusema kwamba magari yalichukuliwa kwa amri ya serikali na kwamba yenyewe haikuwa na uwezo wa kukataa.

Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia huru washtakiwa wote kwa makosa ya Kilwa, askari na watumishi wa kampuni. Je, mambo yaliishia hapo? La. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba serikali ya Kongo ilihusika, na ikaiagiza iwalipe waathiriwa na jamaa zao dola milioni 2.5. Kosa lililotendwa na askari kwa kutumia gari la tajiri likawa deni la taifa zima, yaani deni la mkulima na mvuvi ambao hawakupata kuliona gari hilo.

Ni kwa sababu ya mambo kama hayo mataifa yameweka kanuni. Mwaka 2000 serikali za Marekani na Uingereza, makampuni ya mafuta na madini, na vyama vya kutetea haki za binadamu walikubaliana kuhusu Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni Elekezi zenye nguzo tatu: dola ina wajibu wa kuwalinda watu, kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki zao, na aliyedhulumiwa ana haki ya kupata nafuu. Nguzo ya kwanza imepewa dola, nayo dola, kwa mwananchi wa kawaida, ni yule mtu aliyevaa sare.

Askari hana budi kuyapima mambo haya katika kazi yake ya kila siku. Mafuta, magari, chakula au posho vikitolewa na kampuni kwa kikosi, viandikwe daftarini, mkubwa wa kazi avijue, na shughuli vilikopelekwa ijulikane. Wafanyakazi wakigoma kwa sababu ya mshahara, huo ni mgogoro wa kazi na wala si uasi. Askari yupo hapo kulinda uhai na mali za pande zote, si kumvunja mgomaji kwa niaba ya meneja. Mwanakijiji akilalamika kwamba mto umechafuliwa, malalamiko yake yapokewe na kuandikwa kama yanavyoandikwa malalamiko ya kampuni iliyoibiwa nyaya. Na kikosi kilicholishwa na tajiri kikumbuke kwamba mkono unaopokea kila siku huwa mzito kunyanyuka dhidi ya mtoaji.

Haya hayasemwi kwa kuyachukia makampuni. Nchi zinazoendelea zinahitaji viwanda, zinahitaji umeme wa Kivu, na zinahitaji kazi kwa vijana wao. Kampuni inayolipa mshahara wa haki, inayolipa kodi bila hila, inayotunza maji na ardhi, na inayokataa kuwa ghala la wauaji, imekwisha kutimiza sehemu kubwa ya wajibu wake hata kabla haijatoa dawati moja. Ikitoa dawati baada ya hapo, litapokewa kwa shukrani, kwani kutoa ni moyo. Wala haitahitaji kujisifu sana, maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Bunduki ya askari imenunuliwa kwa kodi ya wote, wa kiwandani, wa shambani na wa ziwani. Haikununuliwa na kampuni yoyote. Askari anayelikumbuka hilo ni mlinzi wa raia, na pia ni mlinzi wa kampuni yenye nia njema, kwani usalama wa kiwanda hudumu pale ambapo jirani zake hawana sababu ya kukichukia.