Kondomu na Magonjwa ya Zinaa: Huzuia kwa Kiasi Gani?



Ufikapo msimu wa masoko ya tumbaku, fedha iliyongojewa tangu miche ikiwa kitaluni huingia mikononi mwa mkulima kwa mara moja. Wengi husafiri hadi Mpanda Mjini kuichukua, nao wafanyabiashara, madereva na vibarua huifuata fedha hiyo huko huko. Mabaa hujaa. Hilo halisemwi hapa kwa ajili ya kulaumiana. Ila ndicho kipindi ambacho maneno mawili juu ya kondomu husikika zaidi. La kwanza ni kwamba mpira ule una matundu, kwa hiyo hauna maana. La pili ni kwamba aliyeuvaa amekwisha kuwa salama kwa kila kitu. Maneno yote mawili si ya kweli, na mwanachama anayefuata mojawapo huweza kupeleka nyumbani hasara isiyolipika kwa mauzo ya msimu mmoja.

Yafaa kuanza na hesabu. Mwaka 2002 ulitolewa uchambuzi wa tafiti zilizofanywa kwa wenzi ambao mmoja alikuwa na virusi vya Ukimwi na mwingine hana. Walipolinganishwa waliotumia kondomu kila mara na wale wasioitumia kabisa, maambukizo yalionekana kupungua kwa kiasi cha asilimia 80. Yaani, mahali ambapo wangeambukizwa watu 10, waliambukizwa kama 2. Wapo waisomao hesabu hii vibaya, wakidai kwamba katika kila kondomu 100, kondomu 20 huvuja. Sivyo hata kidogo. Kiwandani kila mpira hupimwa kwa umeme ili kutafuta tundu, na kutoka katika kila fungu huchukuliwa baadhi zikajazwa maji au hewa hadi ijulikane uimara wake. Mpira ulio mzima haupitishi virusi. Upungufu ule hutokana zaidi na binadamu: mpira huvaliwa tendo likiwa limekwisha kuanza, huvuliwa kabla halijaisha, au mtu huulizwa na mtafiti akajibu "kila mara" ilhali ukweli ni "mara nyingi". Katibu aliyewahi kulinganisha leja na mali iliyomo ghalani anaijua vema tofauti ya namna hiyo.

Jambo la utunzaji lina uzito wake mkoani Katavi. Mpira huharibiwa na joto, jua na mafuta. Kondomu iliyokaa wiki kadhaa katika mfuko wa suruali, au iliyochomekwa ukutani karibu na bani la kukaushia tumbaku, haiaminiki tena hata kama tarehe yake haijapita. Wako pia wanaoipaka mafuta ya mawese au mafuta ya mgando ili kuilainisha. Mafuta hayo huulegeza mpira kwa dakika chache tu, ukapasuka. Kinachofaa ni kilainishi cha maji. Na kuvaa mbili kwa pamoja si kuongeza ulinzi, kwani husuguana.

Sasa magonjwa yenyewe. Yale yanayosafiri ndani ya majimaji ya mwili, kama vile Ukimwi, kisonono, klamidia na trikomona, kondomu huyazuia vizuri. Lakini kaswende, malengelenge ya sehemu za siri na virusi vya papiloma vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi huambukiza kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Kidonda kikiwa mahali palipofunikwa, mpira husaidia. Kikiwa kwenye korodani au paja, haukifikii. Hivyo ulinzi upo, ila ni pungufu, na mtu mwenye kidonda hana budi kwenda zahanati wala asijifariji kwa pakiti iliyomo mfukoni.

Kutibiwa mapema si jambo dogo. Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, maeneo 6 ambayo vituo vyake vya afya na zahanati viliimarishwa katika kutibu magonjwa ya zinaa yalilinganishwa na mengine 6. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wameambukizwa Ukimwi upya walikuwa asilimia 1.2 katika maeneo ya kwanza, na asilimia 1.9 katika yale mengine. Ni kweli kwamba jaribio la Rakai, Uganda, lililogawa dawa kwa watu wote kwa vipindi, halikuleta matokeo kama hayo. Hata hivyo kisonono na kaswende vinatibika, mradi mwenzi naye atibiwe. Mume anayechoma sindano kwa siri mjini, kisha akarudi kwa mkewe aliyebaki akipanga majani ya tumbaku kwa madaraja, huambukizwa tena na yule yule aliyemwambukiza yeye mwenyewe. Mke huyo ndiye mwenye hatari kubwa, kwa sababu mara nyingi hana dalili, na ni vigumu kwake kudai kondomu ndani ya ndoa bila kuonekana anatuhumu.

Kwa virusi vya papiloma ipo chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Wazazi wanachama wasiiache.

Kondomu za Serikali hutolewa bure katika vituo vya afya, na chama chaweza kuziomba. Boksi lisiwekwe mbele ya karani wa mizani, penye foleni na macho ya wakwe, maana hakuna atakayechukua. Liwekwe upande wa chooni, kivulini, mbali na mbolea na bati la moto, na katibu asome tarehe ya kila fungu kama asomavyo ya dawa za shamba.