Upole Katika Kufundisha

Ndugu Waislamu,

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, leo tujihoji: mtoto anapokikimbia chuo, kosa ni lake peke yake?

Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kuwa ukali humwondolea mwanafunzi uchangamfu, humtia uvivu, na humfunza kusema uwongo ili aiepuke adhabu. Alitaka somo lipitiwe mara tatu: kwanza kwa muhtasari, kisha kwa maelezo, mwisho kwa undani.

Sisi mara nyingi tumefanya kinyume. Tumemtwika mtoto yaliyo magumu siku ya kwanza, alipokosea, tukamchapa. Basi akikwama kwenye herufi, tuirudie naye kwa upole.

Mwenyezi Mungu atusamehe sisi tuliowavunja watoto moyo, na atuwezeshe kuwarejesha. Amin.