Usafiri wa Mjini na Hesabu ya Jioni
(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bujora)



Nimepewa dakika kumi na tano nizungumzie mipango ya serikali za miji kuhusu usafiri wa abiria. Katibu alinichagua kwa kuwa anajua nina Hiace mbili zinazokwenda kati ya Kisesa na mjini Mwanza. Basi mjue mapema kwamba anayesema hapa si mtaalamu. Ni mwenye gari, na mwenye gari ana upande wake.

Nianze na Dar es Salaam, maana huko ndiko mambo haya yamejaribiwa kwa gharama kubwa. Wakubwa mliomo humu mnakumbuka kwamba mwaka 1970 serikali iliitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT, na mwaka 1974 kazi zake zikagawanywa: UDA ikachukua abiria wa mjini, KAMATA ikachukua safari za mikoani. Nia ilikuwa njema, mfanyakazi afike kazini kwa nauli anayoimudu. Lakini nauli hiyo haikutosha kununua vipuri, fedha za kigeni zikaadimika, na mabasi yakawa yanalala karakana. Mwaka 1983 serikali ikayaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, iliyoitwa dala, na hapo ndipo jina la daladala lilipopatikana. Jina hilo limetufikia hata sisi wa huku Ziwani, ingawa dala yenyewe leo hainunui hata njugu.

Daladala zilipunguza watu vituoni, lakini zilikuja na kitu kinachoitwa hesabu. Kwa wasiolifahamu jambo hili: mwenye gari kwa kawaida hamlipi dereva mshahara. Dereva ndiye anayemletea mwenye gari kiasi walichokubaliana kila jioni. Anatoa na fedha ya mafuta, kinachosalia ndicho chake na konda wake. Mbio, kujaza watu kupita kiasi, kukatisha njia, vyote vinatoka humo. Tunamlaumu dereva barabarani wakati aliyepanga hesabu yuko nyumbani anakunywa chai.

Jiji la Dar es Salaam lilianza kulifikiria jambo la mabasi yaendayo haraka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakala wa DART uliundwa mwaka 2007, na abiria wa kwanza walipanda Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, njia ya kilomita zipatazo 21. Mtoto aliyezaliwa wazo lilipozaliwa alikuwa amekwisha fika sekondari. Sisemi hivyo kwa kubeza. Aliyewahi kukaa Ubungo kwenye foleni ya jioni anajua thamani ya njia inayopitwa na basi peke yake. Lakini karakana ya mabasi iliwekwa katika bonde la Jangwani, na Mto Msimbazi haukuuliza ruhusa. Mvua kubwa zilipokuja, maji yaliyafuata mabasi yalipoegeshwa.

Lililonivutia zaidi katika mpango ule halionekani kwa macho. Ilikusudiwa mwenye basi alipwe kwa kilomita alizokwenda, si kwa vichwa alivyobeba, na nauli ikusanywe na mtu mwingine, kama walivyofanya Bogotá tangu mwaka 2000. Dar es Salaam ilianza na mtoa huduma wa mpito, na sehemu hiyo ikabaki nyuma. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya mpango. Saruji ni mwili tu.

Nitawaambia kwa nini naona hivyo. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama Igoma nikimsubiri fundi. Kituoni walikuwapo wanafunzi kama kumi, sare zimepigwa pasi vizuri. Ikaja Hiace, konda akatoa kichwa, akawaona, akapiga bodi mara mbili, gari ikapita. Ilikuwa gari yangu. Jioni nilimwita dereva nikiwa na hasira tele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mzee, nauli ya mwanafunzi ni ndogo sana, na hesabu yako ni ileile. Nikiwabeba kumi wale, nitakuletea nini?” Sikuwa na jibu. Nami niliwahi kuachwa hivyohivyo barabarani nikiwa na sanduku la bati kichwani, nikaapa mengi siku ile.

Nimepunguza hesabu ya safari za asubuhi. Magari yangu mawili hayamalizi tatizo, na mwenzangu mwenye magari sita ananicheka.

Sasa Mwanza. Jiji letu si Dar es Salaam. Maelfu ya watu wanaishi juu ya mawe, Mabatini, Igogo, Isamilo, ambako basi halitapanda kamwe. Kwao ngazi imara na njia iliyotengenezwa kwa mawe ndiyo barabara. Tena stendi kubwa zimepelekwa pembeni, Nyegezi na Nyamhongolo, jambo zuri kwa msongamano wa katikati, lakini mama mwenye debe la dagaa anashuka huko na kulipa nauli nyingine kuingia mjini. Na sisi wa Kisesa na Bujora tuko Wilaya ya Magu. Kila alfajiri tunaingia jijini kufanya kazi, jioni tunarudi, na mpango wa jiji unakoma pale mpaka unapokoma. Abiria havuki mpaka akabadilika kuwa mtu mwingine.

Ombi langu ni dogo. Humu wamo madiwani wastaafu, mwanasheria mmoja, na wahasibu wasiopungua watatu. Tuandike barua moja kwa halmashauri zote tatu, Jiji la Mwanza, Ilemela na Magu, na nakala kwa LATRA, tuombe njia hii ya Kisesa ifanyiwe jaribio: fidia kwa kila mwanafunzi anayebebwa asubuhi, ihesabiwe kwa tiketi. Mimi nitatoa gari zangu ziwe za kwanza kukaguliwa.

Wanaorudi mjini, gari moja iko hapo nje langoni. Nauli ni ya kawaida, hata kwa Mwenyekiti.