Dawa ya Deni si Kumzuilia Mgonjwa

Mkazi wa Cibitoke auguapo ghafla usiku, majirani humchukua mbio mpaka hospitali. Huko hukutana na watu wawili: muuguzi atakaye kumwokoa, na mhasibu atakaye malipo.

Tusiharakishe kumlaumu mhasibu. Dawa hununuliwa kwa fedha, na hospitali isiyotunza hesabu hatimaye hufunga milango yake. Lakini nchi yetu imekwisha kuona kanuni ya malipo ikivuka mpaka. Mwezi Septemba 2006, mashirika ya Human Rights Watch na APRODH yalitoa taarifa juu ya wagonjwa wa Burundi waliozuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, wengine kwa wiki nyingi. Miongoni mwao walikuwamo akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa. Walikwisha kupona, ila mlango haukuwa wao.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Hawakusema kwamba dawa yake ni kufungiwa. Aliyezuiliwa halimi wala hachuuzi. Deni lake huongezeka kila kukicha, na kitanda alalacho hunyimwa mgonjwa mwingine. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili kwa deni la hospitali kulivunja haki zao.

Hata hivyo, huruma isiyo na hesabu nayo haidumu. Tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Wagonjwa walifurika, na dawa na wauguzi hawakutosha. Tangu mwaka 2010, huduma hiyo ya bure iliunganishwa na utaratibu wa serikali kuzilipa hospitali kwa kazi iliyothibitishwa.

Hilo ndilo fundisho letu. Huruma haina budi kuandikwa kuwa kanuni na kutengewa fedha. Hali ya mnyonge na ithibitishwe mapema katika tarafa yake. Mwenye uwezo mdogo na alipe kidogo kidogo akiwa nyumbani. Na mlinzi wa lango asigeuzwe kuwa mdai.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo muuguzi atakapoweza kuutii moyo wake bila kuivunja sheria, na mhasibu kuilinda sheria bila kuufunga moyo wake.