Nusu Bei: Nani Anailipa Nusu Nyengine?

(Maneno niliyoyasema mbele ya kina mama wafanyabiashara, Bidiya, Oman)



Najua wapo watakaouliza: huyu ni nesi, kazi yake sindano na presha, biashara imemuingilia wapi? Imeniingilia nyumbani. Wifi yangu anaoka keki hapa hapa Bidiya. Siku moja alipigiwa simu na kampuni inayouza kuponi kwenye intaneti. Akaambiwa, wewe punguza bei nusu, sisi tutakuletea watu. Akakubali. Watu walikuja kweli, na khasara nayo ikaja.

Tufanye hesabu pamoja. Keki yake ni riyali 8. Kwa kuponi ikauzwa 4. Katika hizo 4, kampuni ikachukua 2. Unga, mayai, siagi, gesi na boksi vinamgharimu riyali 3. Kwa hiyo kila keki iliyotoka jikoni ilimtia khasara ya riyali 1, na hapo hatujahesabu mikono yake wala usingizi wake. Kuponi 140 zikauzwa. Riyali 140 zikapotea. Tena wateja wake wa zamani, waliokuwa wakilipa 8 bila ya maneno, nao wakanunua kuponi. Wale wageni wakimuuliza jambo moja tu: "Kuponi nyengine lini?"

Msimcheke. Waliokwama ni wengi. Biashara hii iliivuma dunia kwa kampuni ya Groupon, iliyoanza Chicago mwaka 2008. Kuponi yake ya mwanzo ilikuwa ya pizza, mbili kwa bei ya moja. Wazo lenyewe lilikuwa zuri: watu wakitimia idadi fulani, wote wanapata punguzo. Huku kwetu Ghuba, GoNabit ilianza Dubai mwaka 2010, ikanunuliwa na LivingSocial ya Marekani mwaka 2011, na LivingSocial yenyewe ikamezwa na Groupon mwaka 2016. Mwaka huo huo wa 2011, karibu na mji wa Reading, Uingereza, bibi mmoja mwenye duka la keki, Rachel Brown, alitoa keki ndogo 12 kwa pauni 6.50 badala ya 26. Watu 8,500 wakanunua. Akalazimika kuoka keki 102,000, akaajiri vibarua, na faida yake ya mwaka mzima ikaondoka.

Lakini tuseme haki. Mwaka 2010 mtaalamu Utpal Dholakia wa chuo kikuu cha Rice, Marekani, aliwauliza wafanyabiashara 150 waliotumia Groupon. Asilimia 66 walisema wamepata faida, 32 walisema wamekula khasara. Basi suala si kama kuponi ni nzuri au mbaya. Suala ni nani inamfaa.

Hapa niruhusuni nirudi kwenye kazi yangu. Chupa ya chanjo ya BCG ina dozi za watoto wengi. Ukishaichanganya, una saa 6 tu, kisha inayobakia inamwagwa. Ikishafunguliwa, kumpata mtoto mwengine hakukuongezei gharama ya dawa. Lakini chupa ambayo haijafunguliwa huiharakishi, unaiweka kwenye friji.

Mahema ya watalii kule mchangani, Ramal Sharqiya, ni chupa iliyokwisha funguliwa. Alkhamisi na Ijumaa wakati wa baridi yanajaa, lakini Jumatatu yako matupu, na mfanyakazi analipwa vile vile. Mgeni wa nusu bei siku hiyo ni faida. Ndugu zetu wenye nyumba za wageni Unguja wanaijua hali hii wakati wa masika. Lakini keki, kofia ya kushona kwa mkono, na abaya iliyotiwa nakshi ni chupa iliyofungwa. Kila moja inakula mali mpya na jasho jipya. Ukizidisha wateja kwa bei ya khasara, umezidisha khasara.

Basi ukipigiwa simu, uliza mambo manne kabla ya kutia saini. Mkononi mwangu kitabakia kiasi gani baada ya kampuni kuchukua chake? Naweza kuweka kikomo, kuponi 20 basi, tena siku zangu za ukiwa tu? Fedha yangu nitaipata lini? Na majina na simu za wateja nitabaki nazo mimi, au kampuni? Wakikataa kujibu, mwambie ahsante, ukate simu.

Neno langu la mwisho ni kwetu sisi wenyewe, na ndugu zetu wa Muscat, Dubai na London mtakaosoma. Kabla ya hizo kampuni, kuponi tulikuwa sisi. Tunakwenda kumi kwa fundi wa kushona siku mbili kabla ya arusi, tunasema, tupunguzie, sisi ni wengi na sisi ni jamaa. Tunarudi Zanzibar likizo na mshahara wa riyali, tunamkaba muuza ukili mpaka anauza kwa bei ya ukili mtupu. Halafu jioni tunakaa barazani tunalalamika kuwa vijana wa kwetu hawana ajira na biashara zetu hazikui.

Rahisi ghali, wazee walisema. Ile nusu nyengine lazima mtu ailipe. Kwa wifi yangu aliilipa mama mmoja, saa nane za usiku, amesimama mbele ya joko. Safari hii nikitaka keki yake nitalipa riyali 8, na nitakuombeni na nyinyi mfanye hivyo hivyo.